Logariti na Mihogo ya Miezi Kumi na Miwili

Miongoni mwa mafunzo ya hesabu yatolewayo katika shule zetu za sekondari, hakuna, kwa maoni yangu, lililosingiziwa ubaya kama logariti. Mwanafunzi huipokea katika Kidato cha Pili, huibeba mpaka mlango wa chumba cha mtihani, na akishatoka humo huitua kama mtu atuavyo mzigo wa kuni usio wake. Ukimwuliza miaka mitano baadaye logariti ni kitu gani, atakuambia ya kuwa ni namba ndogondogo zilizojaa katika kitabu chembamba. Hilo ni jibu la kitabu, wala si jibu la logariti. Nami, kwa kuwa hufundisha hesabu Nyabusozi, katika nchi ya Biharamulo na Ngara, nimeona inafaa kueleza jambo hili kama nilivyolikuta huku. Jina la mahali hapa lenyewe lina mlio wa vilima, kwani kwa majirani zetu wasemao Kirundi na Kinyarwanda kilima huitwa umusozi. Na mtu apandaye vilima kila siku hana haki ya kuogopa vipeo.

Desturi yangu ni kuanza bila kitabu. Huwataka watoto walete punje za maharage, tukazipanga chini: punje moja, kisha mbili, kisha nne, kisha nane. Kila fungu ni maradufu ya lile lililotangulia. Tukifika 64 maharage huanza kutaabisha, basi tunaendelea kwa kuandika mchangani: 128, 256, 512, 1,024. Juu ya mafungu hayo twaandika namba za hatua: juu ya 1 twaweka 0, juu ya 2 twaweka 1, juu ya 4 twaweka 2, na hivyo hivyo mpaka 10 juu ya 1,024. Hapo nawauliza 16 mara 32 ni ngapi. Wepesi wa kuzidisha hujibu, na wazito hukaa kimya. Nawaambia wazito watazame juu tu: juu ya 16 pana 4, juu ya 32 pana 5, wajumlishe wapate 9, kisha washuke chini ya 9. Wanakuta 512. Nimefundisha somo hili mara nyingi, na kila mara hutokea kimya cha dakika moja hivi, kisha mmoja huomba jaribio jingine ili ahakikishe ya kuwa hakuchezewa.

Namba za juu ndizo logariti za namba za chini, kwa kizio cha 2. Yaliyobaki ni matengenezo. Mjerumani Michael Stifel aliziandika safu mbili za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1544, akaona ya kuwa kujumlisha juu ni kuzidisha chini. Lakini safu yake ilikuwa na mapengo: baina ya 16 na 32 mna namba nyingi, nazo hazina kitu juu yake. Kuyajaza mapengo hayo ndiyo kazi iliyomchukua John Napier wa Scotland miaka ishirini, mpaka alipotoa majedwali yake mwaka 1614. La ajabu, na wanafunzi wangu hulipenda, ni kuwa Napier hakuwa na alama ya kipeo kama tuandikavyo sisi. Namna yetu ya kuandika kipeo ilienea baada ya kitabu cha Descartes cha mwaka 1637. Logariti, basi, ilizaliwa kabla ya mama tunayempa darasani. Alikuwa Euler, katika karne ya kumi na nane, aliyeifafanua kuwa ni kipeo kilichogeuzwa uso.

Hata hivyo jedwali la Napier halikuwa hili letu. Katika lake logariti ya 1 haikuwa sifuri, na kwa hiyo kila alipozidisha alikuwa na kitu cha ziada cha kuondoa. Henry Briggs, mwalimu wa London, alifunga safari kumwendea Edinburgh mwaka 1615, akarudi tena mwaka uliofuata, nao wakapatana ya kuwa logariti ya 1 iwe sifuri na kizio kiwe 10. Napier alikufa mwaka 1617. Briggs akabaki na kazi, na mwaka 1624 akatoa logariti za namba 1 hadi 20,000 na 90,000 hadi 100,000, kila moja kwa nafasi kumi na nne za desimali. Mholanzi Adriaan Vlacq akajaza pengo la katikati mwaka 1628. Kila nikifikiri juu ya mapatano yale hustaajabu jinsi wazee wawili walivyokaa chumba kimoja wakabishana juu ya sifuri, na watu wa karne tatu zilizofuata wakapumzika kwa ajili yao.

Sheria za logariti ni chache na zinajulikana. Logariti ya namba mbili zilizozidishwa ni jumla ya logariti zao. Ya zilizogawanywa ni tofauti. Ya namba iliyopandishwa kwa kipeo ni kipeo hicho mara logariti yake. Logariti ya kizio chenyewe ni 1. Sifuri haina logariti, kwa sababu hakuna idadi ya hatua iwezayo kukushusha mpaka pasipo kitu: ukigawa kwa 10, ukagawa tena, ukagawa mpaka uchoke, daima hubaki punje ya punje. Haya yote huandikwa ubaoni kwa dakika tano. Taabu imo katika sheria moja ambayo haipo, nayo wanafunzi huitunga wenyewe: ya kuwa logariti ya jumla ni jumla ya logariti.

Mwaka mmoja niliikanusha sheria hiyo ya uongo mbele ya darasa, na kijana mmoja wa nyuma akasimama kwa adabu akaomba kuleta ushahidi. Akaandika ya kuwa log 2 ni 0.3010, mbili zake ni 0.6020, na log ya 2 jumlisha 2, yaani log 4, ni 0.6021. Tofauti ile ya mwisho, akasema, ni ya jedwali tu. Darasa likashangilia. Na kwa kweli kijana yule hakukosea hata tarakimu moja! Alikuwa ameikanyaga namba adimu ambayo kwayo kujumlisha na kuzidisha hutoa jibu moja, kwani 2 na 2 ni 4, na 2 mara 2 ni 4. Nikampa 3 na 1.5, naye akapata ushahidi wa pili, maana kwa kujumlisha na kwa kuzidisha jibu ni 4.5. Kisha nikampa 3 na 5. Alifanya hesabu kimya, akapata 15 upande mmoja na 8 upande wa pili, akaifuta kazi yake kwa kiganja. Nilimzuia asiifute yote. Mfano ule wa 2 na 2 ninaufundisha hadi leo, kwa kuwa ni afadhali mwanafunzi akutane na shahidi wa uongo darasani kuliko kukutana naye mahali pengine.

Majedwali nayapenda kuliko wenzangu wengi. Ziko sababu. Ukitaka kuzidisha 347 kwa 26.8, unatafuta 2.5403 na 1.4281, unapata 3.9684, unageuza, unapata 9298, hali jibu kamili ni 9299.6. Mwanafunzi hujifunza hapo ya kuwa tarakimu nne hutoa tarakimu nne, wala asidai zaidi. Kikokotozi hakimfundishi haya. Chenyewe humpa tarakimu kumi na yeye huzinakili zote kama amri ya mkuu. Tena majedwali humlazimisha kujua mapema kama jibu lake ni maelfu au mamia, maana sehemu nzima ya logariti haimo kitabuni, sharti aitoe kichwani. Nakiri kwamba jambo la namba zilizo chini ya 1, ambapo sehemu nzima ni hasi na desimali ni chanya, na mstari mdogo huwekwa juu ya tarakimu moja tu, limewaliza watoto wengi bure. Kama majedwali yataondoka yote, mstari huo sitauomboleza.

Wala mtu asidhani ya kuwa kazi hii ilikuwa ya darasani tu. Nchi yetu ina mpaka na Rwanda na Burundi, na katika miaka ya 1920 tume ya Waingereza na Wabelgiji ilipita ikiupima na kuusimikia nguzo. Kazi ya mpimaji wa siku zile ilikuwa pembetatu: upande mmoja umepimwa, pembe zimesomwa kwa chombo kutoka kilima hadi kilima, na pande zilizobaki hupatikana kwa kuzidisha na kugawanya namba ndefu. Vilima vilifanya nusu ya kazi kwa kuonana, na logariti zilifanya nusu ya pili usiku, kwa taa.

Neno lenyewe limetuletea vituko. Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika sekondari, na kwa Kiingereza neno log ni gogo pia. Mwanafunzi aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili hulifungua kamusi kwa bidii, akakuta shina la mti lililokatwa, akarudi darasani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Wengine huchanganya logariti na algoriti, na hao siwalaumu, maana kwa Kiingereza maneno hayo mawili yana herufi zile zile zilizopangwa mbalimbali. Ila la pili latokana na jina la al-Khwarizmi, mtu wa Baghdad wa karne ya tisa, yule yule ambaye kitabu chake kiliipa aljebra jina. Logariti ni neno la Napier, aliyeliunda kwa maneno mawili ya Kiyunani, la uwiano na la namba. Mimi darasani, baada ya kutimiza wajibu wangu wa Kiingereza, husema: logariti ni hesabu ya hatua. Punje ni 512. Hatua ni ngapi? Tisa. Tangu nianze kusema hivyo sijaulizwa tena juu ya gogo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Jina la familia nitaliweka moyoni.

Mama mmoja wa huku alikopa shilingi 200,000 kwa mtu binafsi wakati wa kupanda, apate vibarua na mbegu za mihogo. Masharti yalikuwa asilimia 20 kwa mwezi, na riba isiyolipwa huingia katika deni, nayo huzaa riba. Mihogo yake ilihitaji mwaka mmoja ardhini. Mama yule hakuwa mjinga. Alipiga hesabu kabla ya kukubali. Riba ya mwezi ni 40,000. Miezi kumi na miwili ni 480,000. Pamoja na deni ni 680,000. Aliona mihogo italipa na kitu kitabaki. Rehani ilikuwa shamba lenyewe, ekari moja, ambalo kwa bei ya huku lingeuzwa kama shilingi 1,500,000.

Binti yake alikuwa katika darasa langu. Tulikuwa tumefika kwenye milinganyo ambayo kisichojulikana kimekaa juu, mahali pa kipeo, na nilikuwa nimewaambia ya kuwa aljebra yote waliyokwisha jifunza haiwezi kukishusha chini: kujumlisha hakukifikii, kugawanya hakukifikii, kipeuo hakikifikii. Logariti ndiyo ngazi pekee. Niliwapa zoezi la ng'ombe wanaoongezeka, zoezi la kitabuni. Yeye alipomaliza la ng'ombe aliandika jingine chini yake, ambalo sikulitoa. Aliandika 200,000 mara 1.2 kwa kipeo n, sawa na 1,500,000. Akagawanya, akapata 1.2 kwa kipeo n ni 7.5. Akachukua logariti pande zote mbili: n mara 0.0792 ni 0.8751. Kwa hiyo n ni 11 na kidogo.

Nilipoyakuta katika daftari niliuliza n hiyo ni nini. Alijibu, "Ni miezi, Mwalimu. Ni miezi ya mama." Nilimwuliza mihogo itakomaa lini. Akasema mwezi wa kumi na mbili.

Siku mbili baadaye mama alikuja shuleni mwenyewe, khanga mabegani, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani kama ipasavyo. Kisha akasema, "Mwalimu, mtoto huyu ananiambia deni langu litalila shamba kabla mihogo haijakomaa. Nataka kujua kama ni kweli au ni hesabu za shule." Sikujibu mimi, nilimwita binti aifanye kazi upya mbele yetu, lakini safari hii bila logariti, kwa kuzidisha tu mwezi hadi mwezi, ili mama afuate kwa macho yake. Mwezi wa kwanza 240,000. Wa pili 288,000. Wa tatu 345,600. Hapo mama akatulia, kwa sababu kwa hesabu yake ya kujumlisha mwezi wa tatu ulikuwa 320,000, na tofauti ya 25,600 haikumtisha. Binti akaendelea. Mwezi wa nane deni likapita 859,000. Mwezi wa kumi na mbili likawa 1,783,220. Jedwali lilikuwa limempa 1,784,000, na shilingi zilizozidi ni zile zile za tarakimu nne nilizokwisha zisema.

Kwa nini nilimtaka azidishe? Kwa kuwa mama hangeweza kuiamini logariti, wala hakuwa na sababu ya kuiamini. Lakini ilifaa pia binti mwenyewe aone ya kuwa mistari mitatu ya daftari lake ilikuwa imebeba kuzidisha mara kumi na mbili. Hesabu ya mama ilikuwa safi. Aliijenga tu kwa safu ya juu, ile ya kujumlisha, hali deni lilikuwa likitembea kwenye safu ya chini. Watu wengi huwaza kwa safu ya juu. Mkopeshaji aliijua ya chini vyema, ingawa sidhani aliwahi kushika kitabu cha majedwali.

Ulikuwa mwezi wa nne. Deni lilikuwa 414,720. Mama alikwenda kwa kaka yake, wakauza mtamba mmoja na mbuzi wawili, wakalipa lote, wakarudishiwa karatasi ya shamba. Isidhaniwe ya kuwa ilikuwa furaha tupu. Mtamba yule alikuwa amewekwa kwa ajili ya mahari ya kaka mkubwa wa binti, na kijana yule hakusema na dada yake kwa muda mrefu. Aliniambia njiani, siku tulipokutana, ya kuwa mwalimu na kitabu chake wamemcheleweshea nyumba. Sikuwa na la kumjibu, maana kwa upande wake ilikuwa kweli.

Tangu hapo nimeacha ng'ombe wa kitabuni. Nawapa darasa hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 katika Tanzania nzima, na ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Toa logariti moja kwa nyingine, gawa kwa 10, geuza: ongezeko ni asilimia 3.2 kwa mwaka. Gawa log 2, ambayo ni 0.3010, kwa 0.0138, nawe wapata kama miaka 22 ya kuwa maradufu. Kwa mkoa wetu wa Kagera, uliotoka watu 2,458,023 ukafika 2,989,299, ongezeko ni asilimia 2 hivi na miaka ni kama 35. Mwanafunzi mmoja alitazama madawati, akauliza kama fundi seremala amekwisha ambiwa.

Na kuna tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Bukoba iliumia vibaya, watu wasiopungua 17 walikufa, na mtikisiko ulisikika hadi Uganda, Rwanda na Kenya. Watoto walikuwa wamesikia pia habari za tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, lililokuwa la 6.8, wakasema ni karibu sawasawa: tofauti haifiki hata moja. Ndipo nikawaambia ya kuwa namba hizo ni za safu ya juu. Charles Richter alipoitengeneza kanuni yake mwaka 1935 alichukua logariti ya mtikisiko unaoandikwa na chombo, kwa kizio cha 10. Tofauti ya 0.9 ni mtikisiko mkubwa karibu mara nane. Nguvu inayofunguliwa hupanda upesi zaidi, kwa mara moja na nusu ya hatua hizo: 0.9 huwa 1.35, na ukigeuza wapata mara 22. Kelele za sauti na ukali wa siki hupimwa kwa namna iyo hiyo, lakini sauti na siki havikuwavuta watoto kama tetemeko.

Kijana yule wa 2 na 2, ambaye sasa alikuwa Kidato cha Nne, aliinua mkono. Aliuliza kama tetemeko la ukubwa wa sifuri ni kutotetemeka. Nilimrudisha Edinburgh, kwa Briggs na mzee wake: sifuri ni logariti ya 1, na moja si kutokuwa na kitu. Richter aliteua mtikisiko mdogo mno, elfu moja ya milimita kwenye chombo kilicho kilomita 100 kutoka chanzo, akauita sifuri. Yako matetemeko madogo kuliko hilo, nayo hupewa namba hasi. Mtu hayasikii, husikiwa na vyombo tu. Aliandika katika daftari lake log 0.1 = −1, akapiga mstari chini yake, kisha akataka kujua ni ndogo kiasi gani ile ambayo chombo nacho hakiisikii.